Mawe tuliyomwaga ukingoni mwa ziwa yamezama: tununue makubwa zaidi, au kuna kasoro nyingine?

Mkazi wa Seme, Kisumu (muulizaji)

Nawasalimu nyote. Naandika kwa niaba ya familia yetu, ambayo boma lake liko kando ya Ziwa Victoria katika eneo la Seme, magharibi mwa Kisumu. Shamba letu linaishia kwenye gema la udongo lenye kimo cha kama mita mbili na nusu, na tangu ziwa lilipojaa mwaka 2020 gema hilo limekuwa likimegeka kila msimu wa mvua. Kaburi la baba, ambalo siku tulipomzika lilikuwa mbali kabisa na maji, sasa liko hatua kumi na moja kutoka ukingoni. Nimezihesabu mwenyewe, na mama huzihesabu kila asubuhi anapokwenda kufungua mbuzi.

Miaka miwili iliyopita tulichanga pesa tukamwajiri mwanakandarasi mmoja, ambaye alileta malori manne ya mawe na kuyamwaga kutoka juu ya ukingo kwa urefu wa mita thelathini hivi. Yalikuwa mawe laini ya mviringo, ya kuokotwa mtoni, mengi yakiwa na ukubwa wa kichwa cha mtu. Kwa miezi sita tulilala usingizi. Baadaye tukaona mawe yanashuka, si kwa kubingirika kuelekea majini, bali kana kwamba yanamezwa polepole papo hapo yalipo. Leo ukisimama pale utaona migongo ya mawe machache ikichungulia kwenye matope, na nyuma yake gema linaendelea kuporomoka kama zamani.

Aliyetufanyia kazi anasema kosa letu ni kununua mawe madogo, na kwamba dawa ni kumwaga makubwa zaidi juu ya hayo. Kabla hatujauza ng'ombe mwingine, naomba wenye ujuzi mnisaidie. Je, ni kweli kwamba ukubwa wa mawe ndio tatizo? Na jirani yetu wa upande wa mashariki analalamika kwamba tangu tuweke mawe shamba lake linaliwa kwa kasi zaidi. Je, malalamiko yake yana msingi, au ni ziwa tu linaloendelea na kazi yake?

Fundisanifu wa kazi za maji, Kisumu

Pole sana, ndugu, kwako na kwa mama. Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya swali lako mwenyewe, pale uliposema kwamba mawe hayakubingirika bali yalimezwa. Jiwe lililozidiwa nguvu na wimbi huviringika na kuonekana limelala mbali na pale lilipowekwa. Jiwe linalozama wima limepoteza udongo uliokuwa chini yake.

Hebu keti pale ukingoni alasiri moja, upepo unapotoka ziwani kuja nchi kavu, utazame wimbi moja tu. Linapopanda, maji yanaingia katika mianya iliyo kati ya mawe na kuulowesha udongo ulio nyuma. Linaporudi, maji hayo yanavutwa kutoka nje kwa haraka, nayo yanatoka na rangi. Rangi hiyo ndiyo shamba lenu. Kila wimbi linaondoka na punje chache, na kwa siku nzima mawimbi ni maelfu, mpaka chini ya jiwe panabaki shimo, nalo jiwe linashuka kulijaza. Sasa mkimwaga mawe makubwa zaidi juu ya udongo uleule ulio wazi, mianya itakuwa mikubwa zaidi, udongo utapita kwa urahisi zaidi, na mawe hayo nayo yatashuka. Mtakuwa mnalisha matope.

Kinachokosekana ni chujio kati ya udongo na mawe, yaani tabaka linaloruhusu maji kupita lakini linazuia udongo usitoke. Njia ya zamani ni kutandaza tabaka za kokoto, ndogo chini na kubwa juu. Wahandisi wana kanuni yao hapa: ukiuchekecha udongo na kokoto kwa matundu ya vipimo mbalimbali, kipimo ambacho asilimia 15 tu ya kokoto ni ndogo kuliko hicho kisizidi mara 5 ya kipimo ambacho asilimia 85 ya udongo ni mdogo kuliko hicho. Kwa maneno mepesi, kokoto zisiwe kubwa kiasi cha kuacha mianya ambayo udongo unaweza kupita. Kwa udongo laini kama wenu kanuni hiyo itadai tabaka mbili au tatu, na kuzipanga sawasawa ndani ya maji ni kazi ngumu. Ndiyo maana siku hizi wengi hutumia kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachofanana na blanketi jembamba. Kitandazwe kikiwa kimelegea kidogo, vipande vipandane vya kutosha, na juu yake pawekwe kokoto za unene wa kiganja ili mawe yasikitoboe. Tafadhali msidanganywe kutumia turubai au karatasi ya nailoni badala yake. Nailoni hairuhusu maji kupita, hivyo maji ya mvua yatajikusanya nyuma yake na kuisukuma kinga yote kutoka mgongoni.

Hata hivyo ni haki niseme kwamba mwanakandarasi wenu hakukosea kabisa kuhusu ukubwa. Hesabu inayotumika sana ni ile aliyoichapisha Robert Hudson mwaka 1959, baada ya majaribio yaliyofanyika katika kituo cha utafiti cha wahandisi wa jeshi la Marekani kule Vicksburg, Mississippi. Jambo kubwa ndani yake ni kwamba uzito wa jiwe unaohitajika hukua kwa mchemraba wa kimo cha wimbi: wimbi likiongezeka maradufu, jiwe linatakiwa kuwa zito mara nane. Kwa mawe ya itale (graniti) yenye kingo kali, katika maji yasiyo na chumvi kama yetu, kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita mbili za usawa, wimbi la sentimita 60 linalovunjikia ukingoni linahitaji jiwe la kama kilo 32, na wimbi la mita moja linahitaji jiwe la kilo 150 hivi. Mawe laini ya mviringo hayashikani, kwa hiyo kwa lile wimbi la sentimita 60 yangehitaji kuwa na kilo zaidi ya 50. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu halizidi sana kilo 10. Kwa hiyo mlikuwa na makosa mawili, lakini mkirekebisha hilo la ukubwa na kuliacha lile la chujio, mtarudi hapa baada ya miaka miwili na swali hilihili.

Mvunja mawe, upande wa Maseno

Nimefanya kazi hii ya mawe tangu nikiwa kijana, na ningependa kuongeza juu ya jiwe lenyewe, kwa sababu si kila jiwe gumu kwa macho ni gumu kwa maji.

Sisi wa huku tumebarikiwa itale, na yeyote aliyewahi kusimama chini ya miamba ya Kit Mikayi anajua ninachosema, ingawa mawe yale ni mahali pa maombi na hakuna mwenye akili timamu anayeyapelekea nyundo. Ukienda kununua, usikubali kuonyeshwa lundo tu. Chukua nyundo ugonge jiwe mojamoja ukisikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele, na lililooza ndani linatoa mlio mfu, kama kugonga mbao iliyolowa. Tazama pia mistari ya rangi ya kutu, kwa maana hapo ndipo jiwe litapasukia likilowa na kukauka mara nyingi. Ukipapasa ukingo wake kwa kidole gumba na punje zikatoka kama sukari, liache. Jiwe bapa nalo liache: likiwa urefu wake unazidi unene wake mara tatu, wimbi linalinyanyua kama mfuniko wa sufuria.

Jambo la pili ni jinsi ya kuyapanga. Kumwaga kutoka juu ya lori ndiko kunakoharibu kazi nyingi, kwa maana makubwa yanabingirika mpaka chini, madogo yanabaki juu, na kitambaa kama kipo kinachanika. Anza chini, panda juu. Kila jiwe liguse mengine matatu au zaidi, na likitikisika ukilikanyaga, ligeuze kwa mtarimbo mpaka litulie. Tabaka ziwe mbili, ili jiwe moja likitoka, lililo chini yake liendelee kulinda kitambaa wakati mnatafuta nafasi ya kurekebisha.

Kuhusu wingi, gema la mita mbili na nusu likilazwa kwa mteremko aliousema fundisanifu lina urefu wa mita 5.6 kutoka juu hadi chini. Ukizidisha kwa mita thelathini za ukingo na unene wa kama sentimita 55, unapata mita za ujazo 92, na kwa kuwa karibu theluthi mbili tu ya hizo ni jiwe lenyewe na zilizobaki ni mianya, ni tani 150 hivi. Kwa lori la tani kumi ni safari kumi na tano, bila kuhesabu mguu, yaani mawe ya chini kabisa, mteremko unapoishia. Ninyi mlileta nne. Nasema haya si kwa kuwalaumu, bali mjue mapema kabla ng'ombe hajatoka zizini.

Mkazi wa Seme, Kisumu (muulizaji)

Ahsanteni sana, wakubwa. Leo asubuhi nimekwenda na jembe. Nilichimba mahali patatu na kuyakuta mawe yetu kwenye kina cha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, yamelala ndani ya tope jeusi laini linalonuka. Hapakuwa na kokoto wala kitambaa. Nilipoinua jiwe moja, upande wake wa chini ulikuwa na utupu ambao mkono wangu uliingia mzima mpaka kwenye kifundo, na maji yalikuwa yakiingia na kutoka humo kwa kila wimbi, kama alivyosema fundisanifu.

Niligundua mambo mawili zaidi. Kuna ufa kwenye majani, kama hatua tatu kutoka ukingoni, unaokwenda sambamba na gema kwa urefu wa kama mita kumi. Na maji ya paa la nyumba ya mama yanatiririka kwa mfereji tuliouchimba wenyewe, yanapita karibu na ufa huo na kumwagika ukingoni.

Lakini hesabu ya mteremko imenipa wasiwasi. Ikiwa gema la mita mbili na nusu linatakiwa kulazwa kwa mita tano za usawa, nitakuwa nimekata udongo mpaka karibu na miguu ya kaburi. Mama hatakubali, na kwa kweli hata mimi sitaki. Je, hatuwezi kujaza udongo kuelekea ziwani badala ya kukata?

Mama wa soko la samaki, karibu na Dunga

Mwanangu, msijaze ziwa. Nitajibu hilo pamoja na lile la jirani, kwa maana lote ni jambo moja.

Jirani yako anasema kweli. Nimekaa kwenye kamati ya ufuo wetu miaka mingi, na nimeona mara tatu mtu akiweka mawe mbele ya kiwanja chake halafu pembeni panatokea ghuba dogo lenye umbo la mwezi mchanga. Wimbi likigonga mawe halipotei, linageuka na kumalizia nguvu zake pale mawe yanapoishia. Tena ule mchanga uliokuwa ukitoka kwenye gema lako na kusafiri pembezoni ndio uliokuwa ukilisha ufuo wa mwenzako, na sasa umefungiwa. Kama miisho ya kinga yenu iliachwa wazi, basi wimbi litaingia kwa nyuma pia, na kazi yenu itaanza kufumuka kutoka upande wa jirani. Miisho yote miwili inatakiwa ikunjwe iingie ndani ya ardhi mita kadhaa, na afadhali zaidi ni kukaa na jirani mkafanya kwa pamoja, kwa sababu ziwa haliijui mipaka yenu.

Sasa kuhusu kujaza. Maji ya kina kifupi yenye mafunjo na matete ndiyo mahali samaki wadogo wa ngege wanapokulia. Kila hatua mnayosogea mbele mnafukia kitalu chetu. Ukingo wa ziwa pia una sheria zake, na kazi kama hii inahitaji kupelekwa kwa NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa mamlaka ya rasilimali za maji na kwa ofisi ya kaunti kabla ya lori la kwanza kufika. Najua watu huona ni usumbufu, lakini nimeshuhudia mawe yakiamriwa kuondolewa baada ya pesa zote kwisha. Mahali ambapo mafunjo bado yapo mbele ya shamba lenu, yaacheni yasimame, hayo yanavunja wimbi kabla halijafika. Na kwenye mita hizo thelathini acheni mlango mmoja wenye ngazi za mawe bapa, wa mitumbwi, wa kuteka maji na wa mbuzi, kwa maana mkifunga pote watu watapanda juu ya mawe na kuyalegeza.

Msomaji wa Nakuru

Naomba kuongeza neno moja, kwa kuwa huku kwetu tumejifunza kwa uchungu. Ziwa Nakuru limepanuka tangu mwaka 2010 kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60, likafunika lango kuu la zamani la mbuga na nyumba za watu. Palikuwa na waliodhani mawe yangewaokoa. Kinga ya mawe huzuia wimbi lisile udongo, haizuii ziwa kupanda, kwa sababu maji hupita katikati ya mawe, na ndivyo inavyotakiwa. Ziwa lenu nalo lilivuka mwaka 2020 kiwango kilichokuwa kimeshikilia rekodi tangu 1964, kisha likakivuka tena mwaka 2024. Kabla ya kununua chochote, ulizeni wazee maji yalifika wapi hasa katika miaka hiyo, na kama yalifika nyuma ya kaburi, basi mazungumzo ya familia ni mengine kabisa.

Fundisanifu wa kazi za maji, Kisumu

Nakubaliana na mama na msomaji wa Nakuru, na hilo la mwisho ndilo la kuulizwa kwanza.

Ikiwa maji hayakufika kaburini, ipo njia ya katikati. Mteremko unaweza kuwa mkali kidogo, mita moja kwa kila mita moja na nusu. Hapo mtakata mita 3.75 badala ya 5, na jiwe litahitaji kuwa zito kwa theluthi moja zaidi, yaani kama kilo 42 kwa lile wimbi la sentimita 60. Mkinunua itale ya kilo 50 na zaidi mtakuwa salama, na wingi utapungua hadi tani 120 hivi kwa sababu mteremko ni mfupi. Sishauri kuzidisha ukali kupita hapo. Udongo ulio mbele ya ule ufa umeshajitenga, kwa hiyo sehemu kubwa ya mita hizo mtakazokata mmekwisha kuzipoteza, hata kama bado majani yameota juu yake. Mama akionyeshwa ufa huo kwa macho yake, huenda akaelewa kwamba hatumkatii ardhi iliyo nzima.

Mawe yenu ya zamani si hasara. Yafukueni muyatumie kwenye mguu. Kwa kawaida tungechimba mtaro mwishoni mwa mteremko na kuufukia mawe ili wimbi lisichimbe chini ya kinga, lakini katika tope kama ulilolieleza mtaro hujifunika wenyewe kabla hujamaliza. Badala yake tandazeni mkeka wa mawe mbele ya mteremko, upana wa mita mbili hivi, juu ya kitambaa kinachoendelea kutoka juu bila kukatwa. Wimbi likichimba mbele, ukingo wa mkeka unashuka wenyewe kuziba, na kinga iliyo nyuma inabaki mahali pake. Kilele cha kinga nacho kisipimwe kwa maji ya leo, kipimwe kwa alama ya juu kabisa wazee watakayowaonyesha, na kiongezwe juu ya hapo kwa ajili ya wimbi linalopanda mteremko.

Ule mfereji wa paa ufungwe wiki hii, hata kabla ya kuamua lolote kuhusu mawe. Uelekezeni pembeni, mbali na ufa, au wekeni tangi. Gema lililolowa huwa zito na legevu kwa wakati mmoja, na mawe ya mbele hayawezi kulizuia lisiteremke. Kazi ya mawe yenyewe ifanyeni kati ya Agosti na mwanzo wa Oktoba. Ziwa kwa kawaida hufika kilele Mei au Juni, na kufikia wakati huo linakuwa limeshuka.

Kitu kimoja nakuomba unisaidie. Hesabu zangu zote zimesimama juu ya wimbi la sentimita 60 nililolikisia. Simamisha mti majini, mbele kidogo ya gema, uupake alama kila sentimita 10, kisha uandike kila alasiri yenye upepo maji yanapanda hadi wapi na kushuka hadi wapi.

Mkazi wa Seme, Kisumu (muulizaji)

Mti tumeusimamisha Jumatatu, ni mti wa mkaratusi uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu. Kwa alasiri nne tofauti kubwa kabisa niliyoiandika ni sentimita 45, lakini Alhamisi mvua ya upepo ilikuja usiku na sikuweza kuona, ila asubuhi nilikuta takataka zimenasa kwenye mti juu ya alama ya sabini. Nitaendelea mpaka mvua za masika ziishe. Mzee mmoja hapa kijijini ametuonyesha shina la mkuyu ambako maji yalifika mwaka 2020, nalo liko chini ya kaburi kwa zaidi ya kimo cha goti.

Mfereji tumeufunga. Mama ametembea hadi kwenye ufa, akaingiza fimbo yake ndani, ikazama karibu yote, akasema tukate hadi hapo na tusizidi hata shubiri moja. Jirani atakuja Jumamosi tupime pamoja na upande wake.

Fundisanifu wa kazi za maji, Kisumu

Hiyo sabini ya Alhamisi ichukue kwa uzito. Takataka huonyesha maji yalipanda hadi wapi, hazionyeshi kimo kamili cha wimbi, lakini likiwa kweli lilifika sentimita 70, jiwe kwenye mteremko huo linatoka kilo 42 hadi karibu 70. Muulize mvunja mawe wa Maseno bei ya mawe ya kilo 70 hadi 100 kabla ya Jumamosi, ili wewe na jirani mpime mkijua mnachopimia.